Neno Moja la Baba

Mwezi Machi 2021 nilikuwa Ujiji, nyumbani kwa wazazi wangu, nahangaika kuigeuza kompyuta yangu iwe televisheni. Najua wengi mnaopita hapa mnafuata vitabu, na mimi mwenyewe kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, sio kupanda juu ya mabati. Lakini katika siku zile tisa za waya na antena nilijifunza jambo kuhusu kusoma ambalo miaka kumi na miwili ya uhariri haikuwa imenifundisha. Na aliyenifundisha alikuwa amebakiwa na neno moja tu mdomoni.

Baba yangu alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa chini ya mwembe, na kama umewahi kufika Ujiji unajua habari ya miembe: mji umejaa miembe mikongwe, na wenyeji watakwambia iliota enzi za misafara iliyokuwa ikitoka hapa ziwani kwenda Tabora mpaka Bagamoyo. Baba alikuwa akisema mwembe ndiye msaidizi wake, maana unamkinga na jua na unamletea wateja wanaokuja kupumzika kivulini, halafu wanakumbuka kwamba nyumbani kuna redio mbovu. Nimekulia kwenye harufu ya risasi inayoyeyuka. Mwaka 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba, kibanda kile hakikufungwa mpaka siku alipozikwa Butiama, tarehe 23. Kila mwenye redio iliyokufa aliikumbuka siku zile. Baba alitengeneza usiku na mchana, nyingine bila hata senti, akisema mtu hawezi kunyimwa msiba kwa sababu ya waya uliokatika.

Kiharusi kilimpata mwishoni mwa mwaka 2020. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuza. Daktari alitueleza kwamba kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, kwa hiyo kiharusi kikipiga pale mtu anaweza kupoteza mkono na maneno kwa pamoja. Akasema na jambo jingine ambalo sikulishika vizuri wakati ule: mzee anaelewa. Maneno yanaingia vizuri, kutoka ndiyo kazi.

Kilichobaki kutoka ni "maji".

Akitaka chai, maji. Akitaka afunguliwe dirisha, maji. Wageni wakibisha hodi, yeye ndiye wa kwanza kuitikia: "Maji!" Mama alijifunza haraka kutofautisha, kwa sauti na kwa jicho, lakini sisi watoto tulikuwa tunaleta kikombe tu. Akikisukuma, tunakirudisha jikoni. Akisema tena, tunamletea tena. Mwaka ule nao ziwa lilikuwa limepanda sana. Kule Kibirizi maji yalikuwa yameingia mpaka walikozoea kukaa wafanyabiashara, na kila mtu mjini alikuwa anaongelea ziwa. Basi majirani wakija kumwona na kumsikia akisema "maji, maji", wanatikisa kichwa: "Mzee naye analiogopa ziwa, maskini." Baba anawatazama, halafu anatazama ukuta.

Mimi nilirudi Januari. Kazi ya uhariri inafanyika popote penye umeme, na Mama alikuwa amechoka. Nilimkuta Baba amekaa kwenye kiti chake kilekile, mbele ya televisheni iliyokufa. Ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, na hela ya kununua nyingine ilikuwa imekwenda kwenye dawa na mazoezi ya mguu. Kila ifikapo saa mbili kasoro usiku alikuwa anajivuta mpaka pale na kukaa, kama mtu anayesubiri basi kwenye kituo kilichohamishwa.

Nilijaribu kumwonyesha taarifa ya habari kwa simu. Shida ni bando. Picha za video zinakula mamia ya megabaiti kwa saa moja, na kifurushi changu cha siku kilikuwa kinaisha kabla ya habari za michezo. Mpwa wangu ndiye aliyeleta wazo. "Mama mdogo," akaniambia, "kuna kidude kama flashi, unachomeka kwenye kompyuta, unaunga waya wa antena, unaangalia bure." Nikamtumia hela, akiwa Dar es Salaam, aninunulie.

Kidude cha kwanza hakikushika kitu. Nilitafuta chaneli jioni nzima, programu inahesabu asilimia mpaka mia, halafu inaniambia haijaona chochote. Kumbe kilikuwa cha kiwango cha zamani, DVB-T, na matangazo yanayotufikia yanatumia DVB-T2, kiwango ambacho nchi za SADC zilikubaliana mwaka 2010. Kwa nje vinafanana kama pacha, tofauti ni ile namba mbili tu, imeandikwa kwa herufi za kusomwa na mchwa. Cha pili kilipokuja na mabasi, nikakichomeka, nikaunga waya ulioshuka kutoka kwenye antena ya paani, na majina yakaanza kujipanga kwenye skrini. Mengine yalikuwa majina matupu bila picha, kwa sababu chaneli hizo zimefungwa kwa kadi ya king'amuzi, na kidude hakina pa kuchomeka kadi. Lakini TBC1 ilikuwepo. Baba alipoisikia ile sauti aligeuza shingo yote.

Ilidumu dakika nne. Halafu uso wa msomaji wa habari ukavunjika vipande vya mraba, sauti ikakatika kama mtu anayemeza maji vibaya, na skrini ikawa nyeusi.

Hapa niseme kidogo kwa ajili ya wale ambao hawakuikuta televisheni ya chenga. Bara tulikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi. Sisi wa huku ziwani ilipotufikia, ilitufikia kwa shida. Nakumbuka tarehe 31 Mei 2002, siku ya Ijumaa, Senegal wanacheza na Ufaransa, ufunguzi wa Kombe la Dunia. Mechi ilianza saa nane na nusu mchana, watu wametoka msikitini na kanzu zao moja kwa moja mpaka uwanjani kwetu. Picha ilikuwa chenga tupu. Mpira wenyewe hatukuuona hata mara moja. Tuliona vivuli vinakimbia, tukasikia sauti ya mtangazaji kwa mbali, na ilipofika kama saa tisa kamili vivuli vikakimbilia kwenye kona moja na kuanza kucheza ngoma. Basi tukajua ni bao, tukapiga kelele mpaka kuku wakahama. Ukimwuliza mtu yeyote aliyekuwepo siku ile atakusimulia lile bao la Bouba Diop kama aliliona kwa macho. Tulilimalizia wenyewe.

Dijitali haikupi nafasi hiyo. Wimbi likifika na makosa machache, mashine inayasahihisha, picha inakuwa safi kama kioo. Makosa yakizidi kipimo, haikupi picha mbaya, haikupi kitu kabisa. Dar es Salaam walizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na dunia ilikuwa imejiwekea mwisho wa 17 Juni 2015. Tulishangilia picha nzuri, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila tuliagana pia na ile hali ya kupata nusu.

Usiku wa tarehe 17 Machi nilikuwa nimeiacha kompyuta wazi mezani, picha inakuja na kuondoka. Siku zile, mtakumbuka, kulikuwa na minong'ono mingi kuhusu afya ya Rais Magufuli, na kila nyumba ilikuwa inasikiliza kwa sikio moja. Makamu wa Rais akatokea kwenye skrini. Akaanza kusema. Baba akaegemea mbele, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza. Picha ikaganda. Mdomo wa Mama Samia ukabaki wazi katikati ya neno, na sisi watatu tukabaki tunautazama. Neno lenyewe tulilisikia kupitia dirishani, kwenye redio ya jirani.

Mama akashika kichwa. Baba akanyoosha kidole kuelekea darini, akasema, "Maji."

Nikaenda kumletea maji.

Kuanzia asubuhi yake nikaamua kwamba ile picha lazima itulie. Ratiba ya kuaga mwili ikaja kutangazwa, na mwishowe maziko yakapangwa yawe Chato tarehe 26. Sijui Baba alikuwa na maoni gani kuhusu siasa za miaka ile, hatukuwahi kuyaongea na sasa yalikuwa yamefungwa ndani yake. Lakini nilijua alivyouchukulia msiba wa 1999. Mtu aliyewapa watu wengine msiba ule hawezi kukaa mbele ya skrini nyeusi.

Nilianza na antena. Tuliyokuwa nayo paani ilikuwa ya zamani, ya VHF, yenye mikono mirefu kama ya kuanikia samaki. Matangazo ya dijitali yako kwenye UHF. Wimbi la megahezi 500 lina urefu wa sentimita 60, na fimbo ya antena inatakiwa iwe karibu nusu yake, yaani sentimita 30, sawasawa na rula ya shule. Nikanunua ndogo ya UHF pale Mwanga, tukaifunga kwenye mti uleule wa mwanzi na kuielekeza walikoelekeza majirani zetu. Ubora ukapanda kidogo. Programu inaonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora, na somo la kwanza nililopata ni kutouamini ule wa nguvu. Nguvu inaweza kujaa wakati ubora uko sifuri. Mtu anaweza kupiga kelele kwa nguvu zote na usielewe anachosema.

Siku ya pili nikaitenga kompyuta na kidude. Kompyuta yenyewe ina kelele zake za umeme ambazo sisi hatuzisikii, na kukichomeka kidude moja kwa moja ubavuni mwake ni kama kumsikiliza mgonjwa ukiwa umesimama kando ya mashine ya kusaga. Nikatumia waya wa USB wa mita moja, kidude kikakaa dirishani peke yake. Ubora ukapanda. Nikagundua pia kwamba nikichomoa chaja, unapanda tena. Taa moja ya bei rahisi pale sebuleni nayo ilikuwa inaleta kelele, nikaizima tukawa tunakaa na taa ya barazani.

Siku ya tatu nikanunua busta. Hapo nilifanya kosa ambalo Baba angenicheka. Busta haichagui, inakuza neno na kelele pamoja. Na mimi niliiweka chini, karibu na kompyuta, baada ya waya mrefu. Kama neno limeshapotea njiani, ukilikuza huku mwisho unakuza upotevu. Mstari wa nguvu ukajaa mpaka mwisho. Picha ikafa kabisa.

Siku zote hizo Baba alikuwa kwenye kiti chake, ananitazama. Nikichomeka, "maji". Nikichomoa, "maji". Mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku, na kitu kimoja nilikiona bila kukiona: jua likiwaka siku mbili mfululizo, picha inakaa vizuri zaidi, na mvua ikishanyesha, hata mbingu zikiwa zimetakata tena, inaharibika kutwa nzima. Nikaandika kwenye daftari: "hali ya hewa". Nikafunga daftari.

Tarehe 24 jioni nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na muswada wa mtu mezani, umechelewa wiki nzima. Baba akanyoosha kidole juu tena, safari hii kwa hasira. "Maji! Maji! Maji!" Nikaleta kikombe. Akakipiga kwa mkono wa kushoto, kikaruka, maji yakamwagika juu ya muswada na nusura yaingie kwenye kompyuta. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mzazi: "Baba, basi sasa! Maji gani kila saa? Maji gani?"

Mama alikuwa mlangoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huyo ni fundi." Akaenda kuchukua tambara.

Sikulala vizuri. Na katika kule kugeuka-geuka nikakumbuka ngazi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, kazi yangu ni kushika ngazi Baba akiwa juu ya mapaa ya watu. Kabla hajashuka alikuwa anafanya mambo mawili, kila nyumba, bila kuruka. Anapaka grisi pale waya unapoingia kwenye antena na kuzungushia tepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Halafu, pale waya unapoingia ndani ya nyumba, anauacha uning'inie kwanza chini kama shingo ya bata anayekunywa, ndipo upande na kupita dirishani. Nilimwuliza kwa nini anapoteza waya. Akasema, "Maji hayabishi hodi." Alikuwa anasema hivyo kwenye kila paa. Nimeisikia sentensi ile utotoni labda mara mia.

Asubuhi nikamwita mpwa wangu mwingine, mwenye miguu myepesi, akapanda. Ile antena nilikuwa nimeibadilisha, lakini waya ulikuwa uleule. Waliokuja kuufunga mwaka uliopita, wakati Baba yuko hospitali, waliuunganisha katikati ya paa, na pale kwenye kiungo hapakuwa na kitu zaidi ya solotepu ya karatasi, tena mdomo umetazama mbinguni. Kutoka pale waya ulikuwa unateremka moja kwa moja mpaka dirishani, hauna shingo ya bata wala nini.

Nikaukata huku chini kwa plaizi. Waya wa antena una uzi wa shaba katikati, umezungukwa na plastiki nyeupe, juu yake wavu wa waya mwembamba, halafu ganda la nje. Ule wavu ulikuwa umegeuka kijani na mweusi. Nikauinamisha. Yakatoka maji. Yalidondoka polepole, tone, tone, kisha yakachuruzika mpaka yakafanya kidimbwi kwenye sakafu ya saruji. Maji yakishaingia kwenye ule wavu yanatambaa kama mafuta ya taa kwenye utambi, mita baada ya mita, na wimbi linalopita humo linamezwa njiani. Busta, rula, waya wa USB, vyote vilikuwa vinamhudumia maiti.

Niliinua kile kipande cha waya, nikampelekea Baba. Nilikishika mbele yake, bado kinadondosha.

"Maji," nikasema mimi.

Baba akakitazama. Akanitazama. Akafumba macho, akapumua kwa kirefu, na hakusema kitu. Nilingoja acheke, au alie, ili na mimi nipate la kufanya. Hakufanya chochote. Aliegemea kiti tu, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameubeba kichwani kutoka mbali. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akaniwekea mkono wa kushoto begani, halafu akaugeuza na kunionyesha kisanduku chake cha vifaa kilichokuwa chini ya kitanda.

Mle ndani grisi ilikuwepo, na tepu nyeusi ilikuwepo. Tulinunua waya mpya, mita kumi na tano, kipande kimoja bila kiungo. Baba alitolewa nje na kiti chake akakaa uwanjani. Mpwa wangu akawa anafunga, Baba anasimamia kwa kidole. Alipotaka kuupitisha waya dirishani moja kwa moja, Baba akapaza sauti, "Maji!" na kwa mara ya kwanza nyumba nzima ikaelewa kwa pamoja. Kijana akaacha shingo ya bata.

Ubora ukapanda mpaka asilimia themanini na ushee, bila busta. Nikaitoa busta nikaiweka kabatini.

Tarehe 26 ilikuwa Ijumaa. Majirani walikuwa na televisheni zao, kubwa kuliko kompyuta yangu ya inchi kumi na nne, kwa hiyo mwanzoni tulikuwa watatu tu. Kisha umeme ukakatika. Kompyuta ina betri, na kidude kinakula umeme wa kompyuta, kwa hiyo sisi tukaendelea. Ndani ya dakika chache uwanja wetu ukajaa. Walikuja akina mama na kanga zao, wazee wakapewa viti, watoto wakakaa chini mbele, kompyuta ikawekwa juu ya stuli juu ya meza. Picha haikutikisika. Baba alikaa katikati, mstari wa kwanza, na kila aliyeingia alimsalimia kwa jina lake la kazi: "Shikamoo, Fundi." Nilikuwa sijalisikia tangu nirudi. Tangu augue walikuwa wanamwita "mgonjwa".

Betri iliisha kabla shughuli haijaisha. Sehemu ya mwisho tuliisikiliza kwa redio ya mkulima, ile yenye mkono wa kuzungusha, ambayo Baba mwenyewe alimtengenezea jirani miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyelalamika.

Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho mhariri angetakiwa kukifanya siku ya kwanza. Nilichukua daftari jipya nikaandika juu yake "Maji", na kila Baba aliposema neno lile niliandika saa, mahali, alikuwa anatazama nini, mkono uko wapi, na mwisho tuligundua alitaka nini. Mara mbili za haraka, jicho mlangoni: anataka kupelekwa msikitini. Sauti ya chini, inayovutwa: maumivu ya bega. Kidole juu: antena, na mara moja alikuwa anamaanisha nyuki waliokuwa wameingia darini. Katika wiki tatu nilijaza kurasa kumi na moja. Miaka yote nimewarudishia waandishi miswada na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haieleweki. Nikiiona ile kalamu sasa najisikia vibaya kidogo.

Si kila mstari kwenye daftari umejazwa. Jioni moja ya Mei, mvua zimekwisha, tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo ziwa linaonekana katikati ya nyumba mbili. Mwezi haukuwepo, na wavuvi wa dagaa walikuwa wameshaingia, taa zao zimetapakaa mpaka unadhani kuna mji mwingine kule kuelekea Kongo. Baba akasema, "Maji." Alisema taratibu, bila hasira, kama anayenijibu swali. Nikatazama juu, waya uko vizuri. Nikaleta kikombe, akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama ni ziwa, akatikisa kichwa tena, halafu akafanya kama anatabasamu.

Niliandika tarehe na saa. Pale pa maana nikaweka alama ya kuuliza, nikavuta stuli, nikakaa.